Swichi Aliyoificha Mdoe

Asubuhi ile gari la Mdoe lilipogoma kuwaka, mtaa mzima wa Old Korogwe ulilisikia. Stata ilizunguka vizuri, ikalia kwa nguvu zake zote, lakini injini haikushika. Mdoe akaacha, akasubiri kidogo, akajaribu tena. Mkewe, Yuditha, alikuwa jikoni anakoroga uji, na kila stata ilipolia mwiko ulisimama mkononi mwake. Alijua gari lina nini.

Mdoe hakuwa dereva wa kuokotwa. Alianza na trekta za mashamba ya mkonge, akapanda lori la mahindi, na alipoanza kuota mvi akanunua ile Noah nyeupe, akawa anabeba abiria kati ya Korogwe na Handeni. Barabara ile aliijua mpaka mbuzi wa Sindeni akawajua na wenye nao. Maringo alikuwa nayo, tusimfichie. Akikuta gari la mwenzake limekwama njiani, atashuka, atavuta suruali juu, atasikiliza injini kwa kichwa kimeinama, kisha atatoa hukumu. Madereva walimchukia kidogo kwa sababu mara nyingi alikuwa amepatia.

Mwaka ambao wezi waliiba gari la rafiki yake kule Handeni, mchana kweupe, jirani na soko, Mdoe alirudi nyumbani na usingizi ukamkataa. Kulipokucha alikwenda kwa Jabiri, fundi umeme wa magari, akamwambia amfungie swichi ya siri. Ukiizima hiyo, mwizi atapiga stata mpaka betri ife, mafuta hayaendi kwenye injini. Jabiri akaificha chini ya kapeti, nyuma ya kiti cha dereva. Jioni Mdoe alimwita mkewe garini, akafunga mlango, akaushika mkono wake na kuupeleka mpaka kwenye swichi yenyewe.

"Anajua Jabiri, najua mimi, na sasa unajua wewe," alimwambia. "Nikipatwa na jambo usije ukasema hukuambiwa."

Jabiri alishafariki. Mdoe naye, tangu siku swichi ilipofungwa, kila usiku aliizima na kila asubuhi aliiwasha, mkono ukienda wenyewe huku yeye anazungumza mambo mengine kabisa. Asubuhi hii mkono haukwenda.

Kusahau kulianza kidogo kidogo. Kwanza jina la mkwe, kisha siku ya ibada, kisha akawa anauliza jambo alilojibiwa punde tu. Yuditha alimtania kwamba uzee umepiga hodi, wakacheka wote. Kicheko kilimwisha siku Yasinta, mwenzake wa kwaya, alipomvuta pembeni nje ya kanisa. Alikuwa amepanda gari la Mdoe kwenda Handeni, akasema, wakajikuta Mkumbara, njia ya Moshi! Abiria walipopiga kelele Mdoe alicheka, akadai alitaka kuwanunulia vitunguu, akageuza. Lakini Yasinta alikaa kiti cha mbele, na alimwona akisoma kibao cha Mkumbara mara mbili, hajui yuko wapi.

"Mama Efrazia," Yasinta alisema, "yule anabeba watu."

Tangu hapo Yuditha hakuwa na raha. Mumewe akichelewa kurudi, yeye kichwani alikuwa ameshazika gari zima la abiria.

Sasa alisimama mlangoni anamtazama. Mdoe alifungua boneti, akasugua vichwa vya betri, akachomoa plagi moja moja na kuzifuta kwa kitambaa, akachungulia fyuzi. Alifanya kazi safi, bila kukosea, na hilo ndilo lililomuuma mkewe zaidi. Neno lake moja lingemaliza yote. Akilisema, mumewe atakwenda stendi, atapakia watu. Asiposema, amemficha mume wake kitu chake mwenyewe. Alikwenda hadi kwenye gari akitaka kusema, akarudi jikoni. Akaenda tena, akarudi.

Ikabidi aitwe Clinton, fundi wa gereji iliyo karibu na stendi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu sikiliza wewe, mimi masikio yangu yamefika mwisho."

Clinton alipima huku na kule, akalala chini ya gari, akatoka na vumbi mgongoni. "Pampu ya mafuta haipati umeme," alisema. "Mzee, gari hili halina swichi ya siri?"

Mdoe alimtazama kwa hasira, kisha akageuka kumtazama mkewe, kisha akamrudia fundi. "Swichi gani? Gari hili nalijua kila waya. Ingekuwepo, mimi nisijue?"

Majirani waliokuwa wamejisogeza walitikisa vichwa kumkubalia. Yuditha alihisi machozi yanapanda, akainamisha uso na kujifanya anaokota kuni.

Clinton akaahidi kurudi kesho na waya, aivutie pampu umeme kutoka kwenye betri moja kwa moja, gari liwake. Yuditha alimfuata mpaka barabarani.

"Mwanangu, usiliwashe. Swichi ipo, mimi naijua. Mwenzangu amesahau."

Clinton alitaka kucheka. Alipouona uso wa yule mama, akavua kofia. "Nitamwambia pampu imekufa, mama, tunasubiri nyingine kutoka Dar."

Yuditha akashukuru, na shukrani ile ikamchukiza kinywani mwake mwenyewe.

Mchana alimkuta Mdoe ameketi kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mikono mapajani. Alimpa chai, hakuipokea.

"Clinton aliponiuliza ile swichi," alisema, "nilikutazama wewe. Ukainama. Ipo, eti?"

"Ipo, baba."

"Nilikuonyesha mimi?"

"Wewe mwenyewe."

Macho ya Mdoe yakazunguka mle garini, juu, chini, kwenye viti, macho ya mgeni kwenye nyumba ya watu. Huruma ikamshinda Yuditha. Wakati ule hakujali Handeni wala abiria wake, mkono wake ukaanza kwenda nyuma ya kiti. Mdoe akaudaka.

"Usinionyeshe. Ukinionyesha nitakwenda, najijua." Akauachia mkono wa mkewe. "Clinton alichukue, alitafutie mnunuzi. Ila asiliwashe hapa nikalisikia."

Kisha akalia kwa sauti, mzee mzima. Yuditha akazunguka, akaketi kiti cha abiria, wakalia pamoja.

Jumamosi walilitoa. Gari halikuwa na ubovu wowote, nao wakalisukuma kwa mikono, Clinton kwenye usukani na majirani nyuma. Kwenye kimwinuko cha kutokea uani likawashinda. Mdoe akatoka ndani, akakunja mikono ya shati, akaweka bega lake kati ya mabega ya wenzake. Likapanda, likaserereka hadi ukingoni mwa lami, likafungwa kamba na kuvutwa na gari lingine.

Watu wakatawanyika. Mdoe alibaki amesimama pale, akatazama upande wa stendi, akatazama upande wa Mombo. Nyumba yake ilikuwa mgongoni mwake, hapo hapo.

"Mama Efrazia," aliuliza polepole, wengine wasisikie, "nyumbani ni wapi?"

Yuditha akamgeuza taratibu, wakaingia ndani.