Mama Mkwe wa Kwenye Kompyuta

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuugua. Naugua asubuhi, mchana napona, narudi nyumbani kupika. Majirani zangu hapa Dodoma wakiniuliza ninafanya nini pale chuoni, nawaambia naigiza mgonjwa, na wengi hucheka wakidhani nawatania. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Chuo cha afya kinapowafundisha wauguzi na wakunga kuzungumza na watu, hakiwezi kuwapa mgonjwa wa kweli wamjaribishie maneno. Kwa hiyo huniita mimi, niliyekulia kwenye kikundi cha maigizo cha kanisani, nikae kwenye benchi na kitenge changu, nishike tumbo, niulizwe.

Shida ni kwamba nilizoeleka. Wanafunzi waliomaliza somo waliwatonya waliokuwa wanaanza: yule mama mwamkie tu vizuri, atakueleza yote. Wakawa wanaingia na shikamoo yao tayari mdomoni, wanaimwaga, halafu wanangoja nifunguke kama bomba. Nami nilikuwa nimechoka. Kuna siku nilijisikia nikilalamika kichwa huku nikiwaza maharage niliyoyaacha jikoni.

Ndipo akaja yeye. Alikuwa mwalimu wa kompyuta, mwenyeji wa Chemba, mwanamke mwembamba anayefunga ushungi wake kwa umakini na kuzungumza kwa sauti ya chini, kiasi kwamba watu humsogelea wamsikie. Alitaka kutengeneza mgonjwa wa kwenye kompyuta: mwanamke mjamzito anayeonekana kwenye skrini kubwa, anayesikia anachoambiwa na kujibu mwenyewe, anayeona aibu, anayeogopa, anayeweza kukasirika na kunyamaza. Nilimuuliza waziwazi kama amekuja kunitoa kazini.

"Hapana, mama," akasema. "Nimekuja kuomba tufanye kazi pamoja. Peke yangu nitatengeneza sanamu."

Na kweli, alianza na sanamu. Mwanamke wa kwanza alikuja tayari ndani ya programu iliyotengenezwa nje, mwalimu na mwenzake wakambadilisha mavazi na kumpa Kiswahili. Ukimuuliza hali, alikukazia macho na kusema, "Nina huzuni na wasiwasi mwingi." Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Yeye naye alicheka, kisha akafuta machozi na kusema, "Huyu hajazaliwa hapa. Tumwache aende."

Akaanza upya. Mwenzake aliyeandika programu alikuwa kijana hodari, lakini alikwama kwenye salamu. Ndani ya mashine walimwekea yule mwanamke maumivu makali, na mashine ilikataa kumruhusu aseme hajambo.

"Inajipinga, mwalimu," kijana akalalamika. "Haiwezekani mtu aumwe hivi halafu aseme sijambo."

"Wiki iliyopita ulipokuwa na malaria, nilikupigia simu. Nilikuuliza hujambo. Ulijibuje?"

Kijana akakuna kichwa. "Nilisema sijambo."

"Halafu?"

"Halafu nikasema ila naumwa."

"Basi mwandikie hivyo hivyo."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakumfokea mtu, na hakuacha jambo lipite kwa kuwa ni dogo. Aliomba kibali akawa anakaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje hospitalini, bila kamera wala kinasa sauti, anatazama tu. Aliona wanawake wanavyotazama meza badala ya muuguzi, wanavyocheka kidogo wakiona haya, wanavyoviringa ncha ya kitenge kidoleni swali likiwa zito. Aliona pia kwamba wanaotoka vijijini, ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani, hukawia kabla ya kujibu, na muuguzi hudhani hawajasikia, akarudia kwa kelele.

"Bibi yangu alikuwa hivyo," aliniambia. "Nyumbani tulizungumza lugha yetu, ile ya kupiga vidoko kwa ulimi ambayo wenzangu shuleni waliicheka. Kiswahili kilikuwa cha wageni. Bibi alikuwa anaikusanya sentensi yote kwanza, ndipo anaitoa. Wakamwona hana akili."

Yule mwanamke wa kwenye skrini akapewa kimya cha bibi. Ukimuuliza jambo, alinyamaza kidogo, macho chini, na kama ukimkatiza kabla hajajibu, alirudi nyuma na kukupa jibu fupi zaidi. Nilipokiona kimya kile mara ya kwanza nilisisimka mwili. Niliigiza miaka yote hiyo na sikuwahi kunyamaza vizuri namna ile.

Siku moja alasiri tulikuwa wawili tu chumbani kwake kazini. Akaniuliza, "Mwanamke kama huyu, nani humsindikiza kliniki?"

"Mama mkwe," nikasema. Nilidhani nimemaliza, kumbe maneno yalikuwa bado yanakuja.

Nilimweleza mimba yangu ya kwanza. Nilikuwa bado msichana, tunaishi kwa wazazi wa mume wangu kijijini, upande wa Kibaigwa. Mtoto aliacha kucheza tumboni. Siku ya kliniki nilikwenda na mama mkwe. Muuguzi akauliza maswali akimtazama yeye, na yeye akajibu yote haraka haraka: anakula, analala, hana tatizo. Mimi nilikuwa na sentensi moja tu mdomoni. Lakini kutaja habari za tumbo mbele ya mama mkwe, kwa malezi niliyolelewa, ilikuwa kama kuvua nguo barabarani. Nikanyamaza. Tukarudi nyumbani, na mtoto alipozaliwa hakulia. Mbali na mume wangu sikuwahi kumweleza mtu habari hii.

Mwalimu hakuandika kitu. Aliifunga kompyuta yake polepole, akavuta kiti karibu na changu, akasema, "Pole, mama."

Siku iliyofuata alikuja nyumbani kwangu. Alikunywa chai yote kwanza, akauliza habari za watoto, ndipo akasema, "Lile ulilonieleza ni lako. Naona lingewafaa wanafunzi kuliko chochote ninachoweza kubuni. Lakini ukisema hapana, nitatafuta jingine, na sitakugusia tena."

Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri kwa muda mrefu, na muda wote huo tulifanya kazi pamoja bila yeye kunikumbusha hata kwa jicho. Mwishowe nilimwambia ndiyo, kwa sharti moja: mwanafunzi akiweza kumfanya yule mwanamke aseme, mtoto aishi.

"Ataishi," akasema. Alilisema kama daktari.

Basi ikabidi mama mkwe naye atengenezwe, aketi pembeni ya mkwe wake kwenye skrini, na sauti yake niitoe mimi. Nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa na mama mkwe tayari kichwani. Niliingia chumba cha kurekodia nikamtoa mkali, mwenye kiburi, anayemkata mwenzake kauli. Nilipomaliza, mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeigiza vizuri, mama," akasema. "Ila huyu anamchukia mkwe wake. Sasa kwa nini amemsindikiza?"

Nikavua vipokea sauti masikioni.

"Ameacha shamba lake. Amepanda lori la mahindi, amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, hajala. Mtu anayefanya hivyo ana kitu anachokiogopa. Anaogopa nini?"

Nilibaki mle chumbani peke yangu. Nikamkumbuka mama mkwe wangu siku ile, jambo ambalo nilikuwa sijalitazama tangu zamani: alikuwa amenishikia kandambili zangu mapajani, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba na hazinitoshi. Alizishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai. Na wauguzi wa pale walikuwa wakali, walimfokea kila aliyesitasita. Yeye alijibu haraka ili wasipate nafasi ya kunifokea.

Nikarekodi tena. Safari hii sauti ilitoka ya mwanamke anayekimbilia kumaliza majibu mazuri kabla mambo hayajaharibika. Mwalimu alipoisikia aligeukia dirishani. "Ndiye huyo," akasema.

Siku ya kujaribu, darasa lilijaa. Aliyeanza alikuwa mwanafunzi mrefu wa ukunga, mmoja wa wanaofanya vizuri sana kwenye mitihani ya kuandika, kijana mwema lakini mwenye haraka. Akasimama mbele ya skrini.

"Mama, unajisikiaje leo?"

"Hajambo, anakula vizuri," mama mkwe akajibu.

"Namuuliza yeye. Unajisikiaje?"

Mwanamke akainamisha kichwa. Kijana akarudia kwa sauti kubwa. Mwanamke akaviringa kitenge kidoleni. Kijana akageuka. "Mwalimu, mashine imekwama."

"Haijakwama," mwalimu akasema. "Anakusikia."

Wenzake wakacheka, naye akacheka kidogo, kisha akaacha. Akaitazama skrini upya, na nikaona mabega yake yanashuka. Akavuta kiti, akaketi.

"Shikamoo, mama," akamwambia mama mkwe.

"Marahaba, mwanangu." Kusikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kule kulinifanya nikae sawasawa.

"Poleni na safari. Mmetoka mbali?"

"Mbali, mwanangu. Tumetoka alfajiri."

"Nashukuru sana umemleta. Sasa naomba utusubiri hapo nje kidogo nimpime. Nikimaliza nitakuita nikueleze mwenyewe."

Mama mkwe akamtazama mkwe wake. Mwalimu alikuwa ameupigania mtazamo ule, siku nyingi kweli, kuongeza na kupunguza, mpaka ukawa mtazamo wa mtu anayeacha kitu chake mikononi mwa mgeni. Kisha akainuka, akajifunga vizuri kitenge, akatoka.

Kijana akafungua mdomo, akaufumba. Akangoja.

"Mtoto hachezi," mwanamke akasema, kwa sauti ndogo. "Tangu juzi."

Kijana aliinuka pale pale. "Umefanya vizuri sana kuniambia. Twende, twende sasa hivi." Mkono wake ulikwenda mbele kumshika, ukasimama hewani karibu na kioo. Hakuna aliyecheka.

Nilitoka nje kwenye baraza. Upepo ulikuwa unasukuma vumbi uwanjani. Mwalimu alinifuata, akasimama kando yangu mpaka nilipojipangusa uso. Kisha akaniambia kuna sehemu nyingine hajanionyesha. Alinirudisha ndani darasa lilipoondoka, akaifungua. Yule mwanamke alikuwa anaingia kliniki na mtoto mgongoni, na nyuma yake mama mkwe amebeba mfuko. Wanasalimia, wanaketi. Mtoto anashika sikio la mama yake.

"Hapa mwanafunzi anapimwa nini?" nikauliza.

"Hapimwi kitu," akasema. "Nilitaka tu iwepo."

Nimekutana na watu wengi wenye akili katika pita pita zangu za kuugua. Sijakutana na mwingine aliyetumia akili nyingi hivyo kumlinda mtu asiyekuwepo, na wale waliokuwepo pia.

Mavuno yalipokwisha nilikwenda kijijini. Mama mkwe wangu bado yupo, macho yamepungua nguvu, mikono bado ina kazi. Sikumweleza habari za kompyuta. Tulikaa tukipukuchua mahindi, na nikamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu nimeolewa, siku ile kliniki aliogopa nini.

Hakuuliza siku ipi.

"Niliogopa watakufokea," akasema. "Ulikuwa mdogo." Akaokota gunzi lililodondoka, akalitupa kwenye rundo. Kisha akaongeza, "Nami sikujua. Ungeniambia usiku, tungerudi kliniki hata kwa miguu."

Nikasogeza kigoda changu kikagusana na chake, tukaendelea na mahindi.