Jina la Kumwita Mungu

Juzi jirani yangu alikaanga haradali kwenye mafuta ya moto, na harufu yake ikanirudisha Mugumu, kwenye bweni la parokia nilikofungiwa Desemba ile nilipokuwa darasa la sita.

Msimu wa tohara ulikuwa umefika. Wasichana tuliokimbia kukeketwa tulilala wawili wawili kitandani, na geti halikutoka kufuli mchana kutwa. Filimbi za misafara ya tohara zilipopita barabarani, sote tuliacha kutafuna. Mpishi wetu alikuwa Sista Anjali, mtawa kutoka India, aliyetia haradali hata kwenye maharage.

Jioni tulisali Baba Yetu. Mimi neno la kwanza sikuweza kulitamka. Baba yangu alishinda pale getini na baba zangu wadogo, akiniita, "Bhoke, njoo nyumbani, mwanangu." Ule upole wake ndio ulionitisha.

Sista aliona midomo yangu haichezi. "Bhoke, mbona husali?"

"Sista, nikisema Baba, namwona yule wa getini."

Nilingoja kukaripiwa. Badala yake akaniambia, "Bibi yangu, kule kwetu, alimwita Mungu Mama. Na wewe mwite Mama."

"Mama ndiye aliyeninunulia kanga ya kuvaa siku ya kukeketwa," nikasema, nikaanza kulia.

Sista alikaa sakafuni kando yangu mpaka wenzangu wakamaliza sala.

Kesho yake wakamleta Mama. Sista akanishika mkono, tukasimama ndani ya geti. "Toka! Unatuaibisha!" Mama alifoka, hata baba akaridhika, akasogea pembeni. Ndipo Mama akaegemeza uso kwenye nondo, akaninong'oneza, "Usitoke. Hata nikija nikilia, usitoke." Akageuka, akamfuata baba barabarani.

Jioni ile nilisali, tena kwa sauti: Mama Yetu. Wenzangu wakacheka, mmoja akasema nitachomwa moto. Sista akaendelea kusali kama hakusikia.

Wakati huo niliamini nimempa Mungu jina la mtu mwenye nguvu. Mpaka nilipozaa binti yangu ndipo nikaelewa. Mimi, Januari, nilifunguliwa nikaenda shule. Mama hakuwa na geti la kukimbilia. Alirudi boma lile lile, kwa watu wale wale, kuulizwa kwa nini binti hakutoka. Hadi leo nikipiga magoti namwona yeye, aliyefungiwa kuliko mimi, akiniambia nibaki ndani.