Walimtoa Mdogo Wangu Wakapata Beki

Timu yetu ilipoanza kuzungumza habari za kumnunua beki kutoka Dar es Salaam, beki wa kati nilikuwa mimi. Nilivaa jezi namba nne tangu enzi timu ilipokuwa ya kiwanda, tulipokuwa tukifanya mazoezi baada ya zamu na kunywa chai ya bure kantini. Kiwanda kilipouzwa, tajiri mpya aliwapunguza wengi wetu kazi na kusema kwamba hakununua mpira, alinunua mitambo. Timu ikahamia mtaani kwetu Pasua, ikawa ya wanachama: wauza mitumba, mafundi baiskeli, akina mama wa sokoni. Kitu kimoja tu cha maana kilitubakia kutoka kiwandani, mashine ya kusaga nafaka iliyokuwa ikihudumia kantini, ambayo tajiri hakuitaka. Tuliifunga kwenye kibanda kando ya uwanja, na mtaa mzima ukasaga pale. Mapato yake yalinunua mipira, yalitupatia nauli za mechi za mbali, na mchezaji akivunjika yalimpeleka hospitali.

Mdogo wangu alikuwa winga wetu wa kushoto. Ndiye kitinda mimba nyumbani kwetu, juu kule Rombo, si mbali na Mkuu. Nilimchukua nikaja naye mjini alipomaliza darasa la saba, mwaka ambao baba alianza kung'oa kahawa. Bei ilikuwa imeanguka hata dawa ya kunyunyizia ikawa ghali kuliko mavuno yenyewe. Baba, ambaye aliisifu mibuni yake kuliko alivyotusifu sisi, aliikata kwa panga mwenyewe, mstari mmoja leo, mwingine kesho. Ada ya sekondari haikupatikana. Aliniambia nimchukue mdogo wangu nione mjini atafanya nini.

Tuliishi chumba kimoja, vitanda viwili, jiko la mchina katikati. Asubuhi alisukuma mkokoteni sokoni, jioni alicheza. Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hakumwona. Alikuwa na tabia ya kusimama na mpira mguuni na kumtazama beki kwa upole, kama anayesubiri jibu la swali alilouliza, na yule beki akishaanza kufikiri, yeye alikuwa ameshapita. Mabao yetu mengi yalitoka kwake. Nyuma ndiko tulikovuja. Msimu ule tuliikosa nafasi ya kupanda daraja kwa mabao ya dakika za mwisho, na mengine yalipitia upande wangu. Nilikuwa nimevuka miaka thelathini. Mguu ulikuwa unaona mpira lakini unachelewa kufika.

Mwenyekiti wetu, mzee mmoja aliyekuwa akiuza spea za magari mjini, ndiye aliyekuja na habari. Klabu kubwa ya Dar es Salaam ilikuwa tayari kumwachia beki wake, mtu ambaye sote tulilijua jina lake kwa kulisikia redioni kila Jumamosi. Walitaka fedha, na juu ya fedha walimtaka mdogo wangu. Fedha zingepatikana kwa kuiuza mashine.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya misa, katika darasa la shule ya msingi, wanaume wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti alisema zama za kusubiri kupewa zimekwisha, sasa ni soko, na asiyenunua atanunuliwa. Kocha, ambaye alikuwa mwalimu wa shule hiyohiyo, alisema timu isiyofungwa haishuki. Mama mmoja aliyeuza dagaa sokoni aliuliza, mashine ikishauzwa, mchezaji akiumia atatibiwa na nani. Mwenyekiti alimjibu kwamba tukishapanda daraja wafadhili watakuja wenyewe, na watu wakapiga makofi.

Nikasimama. Nilisema kwanza kwamba sizungumzii namba yangu, nipo tayari kukaa benchi. Nikasema kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyemwona yule bwana akicheza karibuni, na klabu kubwa haimwachii beki mzuri bila sababu. Nikasema pia kwamba hata tusipofungwa, mdogo wangu akiondoka atakayefunga ni nani. Sijamaliza, mtu akasema kutoka nyuma, "Mwacheni tu, analilia jezi yake." Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, wengi wao walikuwa rafiki zangu. Lakini nilielewa palepale kwamba maneno yangu yamekufa. Chochote ambacho ningesema tangu siku ile kingekuwa maneno ya mtu anayevuliwa jezi.

Ikapigwa kura ya mikono. Mdogo wangu alikuwa amekaa karibu na dirisha, na mkono wake ulikuwa miongoni mwa iliyoinuka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima nilitafuta namna ya kumuuliza, na mwishowe ni yeye aliyeanza.

"Kaka, mimi nataka kwenda," alisema. "Hapa nitasukuma mkokoteni mpaka lini?"

Nilimtangulia kufungua mlango.

Tulipanda Rombo kuwaaga baba na mama. Baba alisikiliza habari yote akiwa amekaa mahali palipokuwa na kahawa, sasa pana mahindi yaliyodumaa. Nilitegemea atakataa, na ndani yangu nilimwomba akatae. Lakini alikuwa ameshafika mahali ambapo hakatai kitu. Aliuliza tu kama kule Dar es Salaam watamruhusu kuja Krismasi, maana kwetu Krismasi hata aliye mbali namna gani hupanda mlimani. Mdogo wangu akasema atakuja. Mama alimfungia mkungu mdogo wa ndizi kwenye gunia, ingawa tulimwambia ndizi zipo hata huko.

Beki alipofika, stendi ilijaa. Walikuja na tarumbeta, wakambeba juu mabegani mpaka sokoni na kurudi. Nyumba aliyoahidiwa na mwenyekiti haikuwa tayari, na haikuwa tayari kamwe. Kwa kuwa kwangu kulikuwa na kitanda kitupu, aliletwa kwangu.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Aliingia, akaweka begi chini, akaniamkia kwa adabu ingawa umri wetu ulilingana, akasema, "Samahani, kaka. Najua nimekuingilia nyumbani na uwanjani." Baada ya hapo kumchukia kulikuwa kazi ngumu.

Asubuhi ya pili niliona jambo. Aliamka kabla yangu, akachemsha maji, akaloweka kitambaa na kukifunga kwenye goti la kulia. Alikaa hivyo kitambo kirefu kabla ya kusimama, na hata aliposimama alishuka kizingiti kwa ubavu, kama mzee. Alipogundua kwamba namtazama hakuficha. Alinieleza kwamba goti lilikuwa limekwisha tangu msimu uliopita.

"Klabu wanajua," alisema. "Hapa hakuna aliyeniuliza."

"Na wewe kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ningekwenda wapi?"

Alikuwa na mke na watoto Temeke. Hakuniomba nimfichie. Alisema kama nataka kwenda kusema, niende, hatanilaumu.

Nilikwenda. Nilimkuta kocha darasani, watoto wakiwa mapumziko, chaki bado mkononi. Nilimweleza nilichoona na nilichoambiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta ubao taratibu, akasema alijua tu kwamba siku moja nitakuja na kitu. Akaniomba, kwa heshima ya miaka yangu katika timu, nimwache yule bwana acheze. Nilitoka pale nikapita kwenye kibanda cha mashine. Kilikuwa kitupu, sakafuni pamebaki unga kidogo na vyuma vinne vilivyokatwa.

Na alicheza. Hilo lazima niliseme, kwa sababu mtaani kwetu siku hizi wakimtaja humtaja kama tapeli. Nilikaa benchi nikajifunza mambo ambayo sikuyajua miaka yote niliyovaa namba nne. Hakukimbia, kwa sababu hakuhitaji kukimbia. Mpira ulipofika, ulimkuta. Aliwapanga wenzake kwa mkono mmoja, bila kelele, na washambuliaji waliotutesa msimu uliopita walirudi kwao wameinamisha vichwa. Mechi za mwanzo hatukufungwa hata bao. Lakini na sisi hatukufunga. Kushoto alichezeshwa kijana mwenye mbio ambaye hakujua akishafika afanye nini. Bila kwa bila, kisha tena bila kwa bila. Watu waliombeba mabegani wakaanza kununa, na mwenyekiti akaacha kuja mazoezini.

Mechi ya kufa na kupona ilitukuta Mkuu, kwenye uwanja ulioinama na kuteleza kwa mvua. Sare haikutusaidia tena. Kocha aliwasukuma wote mbele, beki akabaki nyuma karibu peke yake. Kipindi cha pili kikiwa kinaelekea mwisho, ulipigwa mpira mrefu juu ya kichwa chake. Aligeuka kuufuata. Aligeuka tu, bila kuguswa na mtu, akaanguka, na hakujaribu kuinuka.

Niliambiwa nivue suruali ya mazoezi niingie. Walipompitisha mbele yangu wamembeba, uso wake ulikuwa umetoka rangi, lakini alinishika mkono akasema, "Namba tisa wao hupenda kuzungukia kulia kwako. Usimwachie kulia."

Nikaingia nikilijua hilo. Ndilo linaloniuma kuliko mengine ya uwanjani. Namba tisa alikuja, nikajua atazungukia kulia, nikamwona akianza kuzungukia kulia, nikautuma mguu, na mguu haukufika. Tulifungwa moja bila. Baba alikuwapo, ameshuka kutoka nyumbani kututazama. Alinisubiri mpaka nikavaa, akanipa mwavuli wake, akapanda kurudi mlimani na mvua ile.

Daktari alisema goti linahitaji kupasuliwa, na kwamba lilistahili kupasuliwa zamani. Timu haikuwa na mashine, na mwenyekiti alisemekana yuko safarini Nairobi kufuata spea. Mama muuza dagaa alipita na kanga sokoni akikusanya chochote watu walichonacho, kikatosha tiketi ya basi na dawa za maumivu. Nilimpeleka mwenyewe stendi nikiwa nimembebea begi. Hakukuwa na mwingine. Alipokwisha kukaa dirishani, aliniita karibu.

"Kuna jambo sikukwambia," alisema. "Siku niliyoondoka klabuni nilimkuta mdogo wako getini. Alikuwa amekalia gunia lake. Hawakuwa wamempangia pa kulala. Nilimpa anwani ya mke wangu. Sijui kama alikwenda."

Basi likaondoka.

Mdogo wangu alikuja Krismasi ile, kama alivyoahidi. Alivaa viatu vya ngozi, akamletea baba shati. Mezani alimweleza baba kwamba yuko timu ya akiba na kwamba mwakani atapewa nafasi. Baba aliamini, au aliamua kuamini. Mimi aliniambia ukweli tulipokwenda kukata majani ya ng'ombe. Hawakuwahi kumwandikisha. Walichotaka ni fedha na kuondokana na mchezaji mwenye goti bovu. Yeye alitajwa ili biashara ionekane ni ya mpira. Kulala, alilala miezi yote ile kwa mke wa beki, Temeke, mpaka beki mwenyewe aliporudi na magongo, na mdogo wangu akaona aibu kubaki.

Nilimwambia arudi. "Nirudi timu gani?" aliniuliza. Na ni kweli haikuwapo. Mipira ilikuwa imepasuka, wachezaji wengine wameshakwenda machimboni Mererani, na uwanja ulikuwa umeanza kuchimbwa misingi ya nyumba.

Krismasi iliyofuata hakuja. Mtu mmoja alisema amemwona Mererani, mwingine akasema hapana, yuko Tunduru kwenye mawe mengine. Nilikwenda Mererani nikauliza shimo kwa shimo. Kila mtu alimjua winga mmoja wa kushoto, na kila mmoja alimtaja mtu tofauti. Simu za mkononi zilipokuja, nilipewa namba iliyosemekana ni yake. Nilipiga, akapokea mwanamke aliyesema lugha nisiyoielewa, na mara ya pili haikupatikana tena.

Baba alifariki bila kuuliza. Alikuwa ameacha kuuliza siku nyingi kabla, na mama aliniambia kuacha kwake kuuliza ndiko kulikomtia hofu. Kwa desturi yetu, kihamba cha baba, yaani nyumba na shamba linaloizunguka, ni cha mtoto wa mwisho. Mimi nilikatiwa sehemu yangu zamani. Baada ya matanga wajomba na baba wadogo walikaa wakaniuliza la kufanya. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba afadhali mdogo wangu ahesabiwe miongoni mwa marehemu, ili mambo yaweze kwenda. Mama alikuwa jikoni, anasikia. Nikawaomba tungoje.

Bado tunangoja. Mama anaishi pale peke yake, migomba imesongamana kwa kukosa wa kuipunguza, na mvua za mwaka jana ziliangusha ukuta wa jikoni. Nilipanda nikaujenga. Mama alikaa kwenye kigoda akinitazama nikipanga matofali, akaniuliza kama mlango nitauacha upande uleule, maana mdogo wangu akija usiku asije akapotea. Nikamwambia nitauacha upande uleule.