Dirisha la Ubavuni

Siku hizi mtu hutoboa dirisha popote anapotaka, lakini Temeke ya zamani, kabla ukuta haujaguswa, fundi alikwenda kwanza kubisha hodi kwa jirani.

Nassibu alikuwa fundi wa namna hiyo. Madirisha ya mbele aliyafanya ya mbao, mbawa mbili, yakifungukia barazani. La ubavuni alilipandisha juu ya kichwa cha mtu, dogo, liingize hewa lakini lisione uani kwa mwenzio. Leo watu wanatazamana na wake za majirani hadi jikoni, na hayo wanayaita maendeleo.

Mwaka 1949 karani mmoja, mtu wa Bukoba, Theonest, alinunua nyumba iliyopakana na ya Bi Mwajabu. Akataka ubavuni dirisha la kioo, usawa wa kiuno, kama la ofisini kwake, na liwe tayari kabla mkewe hajafika kutoka kwao. Nassibu akamwambia upande ule pana jirani. Karani akacheka, akasema yeye anataka mwanga, hakuomba jirani.

Bi Mwajabu alikuwa kwenye eda, mumewe hajatimiza hata mwezi kaburini. Mwanamume asiye ndugu yake hakuruhusiwa kwenda kwake. Nassibu angeweza kumtuma mkewe. Aliniambia alikusudia hivyo, kisha haraka ya karani ikamwambukiza. Akabomoa. Udongo ulipoanguka, akamwona mjane ameketi uani, kichwa wazi, anachambua mchele.

Akaziba tundu kwa mkeka, akamsihi Theonest amwache aukandike ukuta upya. Theonest akakataa, akamleta fundi mwingine, kioo kikawekwa. Bi Mwajabu akajifungia chumbani na joto lile, mpaka kaka yake akaja kumchukua. Eda akaimalizia Chang'ombe, nje ya nyumba ya mumewe alimopaswa kuikaa.

Tangu hapo Nassibu hakushika tena kazi ya madirisha. Alitengeneza vitanda, na ukimsifu aliinamisha uso.

Mara yangu ya mwisho kumwona pamoja na Bi Mwajabu ilikuwa huko Chang'ombe, eda imekwisha. Nassibu aliniomba nimsindikize akaombe radhi. Bi Mwajabu alitukaribisha kahawa. Nassibu hakugusa yake.

"Kunywa, fundi," Bi Mwajabu akamwambia. "Mie nimeshakusamehe. Ila marehemu nilimwachia nyumba yake kabla siku za eda hazijatimia. Yeye sijui."

Nassibu akakiinua kikombe kwa mikono miwili, akakirudisha kwenye sinia kimejaa vilevile.