Msako wa Kitambaa Cheupe

Saa moja na dakika kumi asubuhi niliokota kitambaa chenye matope chini ya kamba ya nguo ya wapangaji hapa Mbuya. Nilidhani ni tambara. Nina sungura wawili ambao hawajakutanishwa, na nimesoma kwamba kila mmoja azoee kwanza harufu ya mwenzake. Nikampangusa dume nacho, nikakitandika ndani ya banda la jike, chumbani mwangu.

Jioni Mama Akello, mke wa sajini, alilalamika kwamba kitambaa chake cheupe cha kujifunga kichwani kanisani, alichokuwa amekianika, kimeibiwa.

"Namjua mwizi," akasema, akimtazama Mama Furaha, jirani yetu Mkongomani.

Wapangaji wakanichagua niongoze msako, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu. Tambara langu halikunijia akilini kabisa. Niliorodhesha vyumba kwenye karatasi, nikaanza na cha Mama Furaha. Nilipekua hata chini ya godoro, naye amesimama mlangoni akilia.

Kwa ajili ya haki, nikaagiza chumba changu pia kikaguliwe. Jike alikuwa amekalia kitambaa cha Mama Akello, amekikojolea.

Mama Furaha akafuta machozi.

"Papa," akasema, kama Wakongomani wanavyomwita mwanamume kwa heshima, huku akimwonyesha sungura, "mwizi huyu naye umwandike kwenye karatasi yako."