Kanda Kumi na Moja za Kazija

Kazija hakuongoza wimbo hata mmoja maishani mwake. Alikuwa muitikiaji. Katika chama cha taarab cha kina mama pale Kikwajuni alikaa safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto, na kazi yake ilikuwa kupokea kiitikio na kukirudisha. Akirudi harusini, hata kanga hajavua, humwambia mumewe kuwa muongozaji akikosea hucheka yeye na watu wakacheka, lakini waitikiaji wakikosea shughuli nzima imeharibika.

Mumewe, Muhiddin, alikuwa fundi wa chokaa. Kuta nyingi za Mji Mkongwe zimepita mkononi mwake. Skuli hakwenda. Kazija alisoma chuoni, Kurani akiijua, lakini kalamu hakuishika. Basi mwaka 1986, Muhiddin alipopata kazi ya ujenzi Maskati, hawakuandikiana. Walirekodiana. Watu wengi wakifanya hivyo wakati ule: mtu anasema maneno yake kwenye kanda, kanda inatiwa katika mfuko wa msafiri, inapanda ndege, inafika.

Kazija alirekodia jikoni. Kanda zote alizianza namna moja. "Assalaam alaykum, bwana. Mimi mzima, wasiwasi ni kwako." Kisha huja habari. Kunguru kaiba vifaranga. Jirani Mwatima kamsengenya, na yeye keshamsamehe. Achari ya embe kamuwekea mumewe chupa mbili. Nyuma ya maneno yake husikika sufuria, na mara nyingine muuza samaki akipita nje. Mwisho kabisa huimba kidogo, ule wimbo ambao chama kilikuwa kikiufanyia mazoezi, na hapo huimba mahali pa muongozaji na mahali pa waitikiaji, vyote peke yake.

Kwa miaka kumi na moja zilikuja kanda kumi na moja.

Katika ya kumi alisema kifua kinamsumbua. Moyo wangu unakwenda mbio, alisema, akipanda ngazi tu. Kisha akasema, "Ukiweza, njoo."

Muhiddin aliomba ruhusa. Akaambiwa asubiri, jengo likamilike baada ya Ramadhani. Angeweza kuacha kazi akaja zake. Wenziwe wawili walishafanya hivyo kwa mambo madogo kuliko hilo. Yeye alisubiri. Alipeleka dawa, na kitambaa cha nguo, kizuri, cha rangi ya zambarau.

Kazija alikufa Ramadhani ikiwa katikati. Kanda ya kumi na moja ilikuwa bado iko njiani, katika mfuko wa mtu. Muhiddin aliipokea wiki mbili baada ya khabari za msiba.

Mke na mume wakiagana huombana radhi. Hata wale waliogombana miaka thelathini, ikifika saa hiyo mmoja humwambia mwenziwe, nisamehe, na mwenziwe humwambia, nimekusamehe. Muhiddin hakuomba, wala hakupewa. Alirudi Unguja mwaka uliofuata na jambo hilo kifuani mwake, na hakumwambia mtu.

Akawa na desturi. Kila Ijumaa, akishasali alasiri, hufungua mfuko wa kitambaa cha zambarau, ambacho mkewe hakuwahi kukishona nguo, na hutoa kanda moja. Huisikiliza yote, mpaka pale inapojikata. Hakukusudia kitu. Lakini miaka ilivyopita alizijua kanda zile kama anavyoyajua mawe ya ukuta aliojenga mwenyewe. Neno lipi liko wapi, na pumzi ipi inakuja baada yake.

Mwaka 2004 redio ikaanza kuzitafuna. Ya nne ilitoka na utepe wake nje kama tambi. Muhiddin alikaa nayo mapajani muda mrefu. Kisha akauchukua mfuko mzima akaupeleka kwa Qais.

Qais alikuwa mjukuu wa Mwanakheir, mdogo wake Kazija. Alikuwa na chumba katika ghorofa za Michenzani, na kompyuta, na kinanda, na vijana wakija kwake kurekodi. Mtoto mwenye adabu. Alizipokea kanda kwa mikono miwili, akasema atazitia zote katika sidii, zitatulia humo, hazitatafunwa tena. Muhiddin akashukuru. Hakumwambia asisikilize. Halikumjia akilini. Kwake yeye, kumpa mtu kanda ni kama kumpa barua iliyofungwa aipeleke posta.

Baada ya miezi miwili Qais alikuja nyumbani Kikwajuni na bibi yake. Kanda zote zilirudi, hata ile ya nne, na sidii zake. Mwanakheir alikaa mkekani akitabasamu kama mtu aliyeficha kitu.

"Shemegi," alisema, "leo utalia. Mimi nshalia kwa niaba yako, lakini na wewe utalia."

Qais akaweka sidii nyingine. Kikaanza kinanda, kisha ngoma za kisasa, kisha Kazija akaimba.

Aliimba peke yake. Aliongoza. Sauti ilikuwa safi, haina sufuria nyuma yake wala muuza samaki. Ulikuwa wimbo mpya, wa mipasho, wa kumsema mwanamke mwingine: usinijie mlangoni, moyo wangu umechoka. Na waitikiaji wakampokea, wasichana ambao Kazija hakuwajua, wengine hawakuwa wamezaliwa alipoanza kuimba.

Mwanakheir alilia kweli. Alisema dada yake kafufuka. Alisema miaka yote ile alikuwa akimuonea uchungu, na sauti kama hiyo, kukaa safu ya pili kama mtu aliyekodishwa. Alhamisi wimbo utapigwa Uroa, kwao walikozaliwa, kwenye harusi ya mtoto wa binamu yao, na baada ya hapo Qais atautoa, utasikilikana kisiwa kizima mpaka Paje huko.

Muhiddin hakulia. Wao wakadhani furaha imemzidi.

Alikuwa akitambua. *Mlangoni* ilikuwa kanda ya tatu, kuku waliokuja kutaga mlangoni. *Moyo wangu* ilikuwa ya kumi. Pale pale, moyo wangu unakwenda mbio. *Umechoka* ilikuwa ya pili, alipomwambia, umechoka, najua, kazi ya juani hiyo, ule vizuri. Neno la huruma, lililotoka jikoni kwake likavuka bahari kumfuata yeye, sasa limetiwa ngoma, akatupiwa nalo mwanamke asiyekuwepo.

Fundi wa chokaa huujua ukuta uliotiwa kiraka cha saruji. Ukiutazama ni mzima, mweupe, umenyooka. Lakini ukiweka kiganja unasikia pale vitu viwili vilipokutana na havikushikana.

Kesho yake alipanda ngazi za Michenzani peke yake. Qais alimsikia akimwita nje ya mlango.

"Naam, babu. Shikamoo. Karibu."

"Marahaba."

Alikaa. Hakujua aanzie wapi. Akauliza vipi inafanywa. Qais alifurahi kuulizwa, akamuonesha. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mistari kama meno ya msumeno, na Qais alisema huyo ndiye bibi Kazija. Hukata neno hapa, huliweka pale. Likiwa limesemwa tu, halikuimbwa, kompyuta hulipandisha na kulishusha mpaka likaingia kwenye wimbo. Ilimchukua wiki sita. Alisema alifanya kwa mapenzi, ili jina la bibi lisipotee, maana waimbaji wakubwa wanakumbukwa na waitikiaji nani anawakumbuka. Muhiddin aliona kuwa hasemi uongo.

"Lakini maneno hayo hakusema yeye," alisema.

"Kasema, babu. Yote yake. Sikutia hata moja la mtu mwengine."



Qais akamtazama. Labda aliona kitu usoni mwake. Akasogeza kiti, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mgonjwa dawa:

"Kuna jambo ungependa akwambie, babu? Lolote. Nnaweza."

Chumba kilikuwa na joto. Chini watoto walikuwa wakicheza mpira. Muhiddin alitazama mikono yake, kucha zimeliwa na chokaa miaka mingi. Alijua anapaswa kuondoka. Miaka saba alikuwa hajamwambia mtu. Alisikia kinywa chake kikisema.

"Aseme, bwana, nimekusamehe."

Qais hakuuliza kwa nini. Aligeukia kompyuta. Haikuchukua hata nusu saa. Muhiddin alisubiri kama anavyosubiri mtu nje ya chumba cha daktari, magoti pamoja. Kisha Qais akabonyeza.

"Bwana," alisema Kazija, "nimekusamehe."

Kitu kilichokuwa kimekaza kifuani mwa Muhiddin miaka saba kikafunguka, na machozi yakaja ambayo jana hayakuja. Akaomba tena. Qais akabonyeza tena.

Mara ya pili akasikia. Hakutaka kusikia, lakini sikio lilishajifunza kila Ijumaa na haliwezi kusahaulishwa. *Nimeku* ilikuwa ya chupa za achari, nimekuwekea. Na *samehe* ilikuwa ya Mwatima. Alikuwa amepewa msamaha wa jirani. Kazija alimsamehe Mwatima, na sasa msamaha ule umechukuliwa kwa Mwatima ukaletwa kwake, na Kazija mwenyewe hana khabari.

Alifuta uso kwa kofia yake.

"Qais. Kanda ya saba uliisikiliza?"

"Niliisikiliza."

"Alisema nini mwisho?"

Qais alitazama chini. Hakukuwa na haja ya kuipiga, wote wawili waliijua. Katika kanda ya saba Kazija alisimulia kuwa chama kimempa wimbo aongoze, wimbo mzima, na yeye kakataa. Wenziwe wamekasirika. Akacheka. Akasema, "Peke yangu nnakuimbia wewe tu, bwana. Hao wengine wataniskia nikiwa na wenzangu." Na baada ya hapo akamuimbia.

"Uliisikia, na bado ukafanya," alisema Muhiddin. Hakupaza sauti.

"Nilidhani ni maneno tu ya mke na mume, babu."

"Ndiyo. Ya mke na mume."

Akamuomba aufute wimbo. Akamuomba alifute na lile neno jengine, alilolitaka mwenyewe, na kulisema hilo lilikuwa zito zaidi. Qais alikaa muda mkono juu ya meza. Wiki sita zake. Kisha akabonyeza hapa na pale, na yale meno ya msumeno yakatoka kwenye kioo.

"Nshafuta."

Muhiddin hakujua kama ni kweli. Kusoma hajui, na mashine ile hata wanaosoma hawaijui yote. Alimtazama kijana usoni, akaona hana njia nyingine ila kumuamini. Akamshukuru akashuka ngazi, mkono ukutani.

Alhamisi harusi ya Uroa ilipita bila ya wimbo ule. Mwanakheir hakuzungumza naye. Alipeleka maneno kwa watu: kwamba shemegi yake mtu wa roho mbaya, kwamba alimwacha dada yake afe peke yake, na sasa hata sauti kamnyang'anya. Maneno yalimfika Muhiddin barazani. Nusu yake ilikuwa kweli.

Ijumaa, akishasali alasiri, alitoa kanda ya kumi na moja akaipiga jikoni. Hiyo huwa haitoi mara kwa mara. Ndani yake hakuna wimbo, pumzi ilikuwa fupi. Hakuna radhi vilevile. Kuna ugomvi. Kazija anasema ukuta wa jikoni unalia maji, ule wa nyuma ya jiko, na mwanamume aliyejenga nusu ya mji kashindwa kumpigia mkewe plasta. Anasema aliambiwa atapigiwa mwaka ule alioondoka, na mwaka wa likizo, na mwaka wa likizo ya pili. Anakohoa. Anasema, "Mimi nishachoka kuusubiri, bwana. Haya, salama." Na inajikata.

Hodi ilibishwa kabla haijafika mwisho. Alikuwa Mwanakheir, uso umevimba. Alikuja kumsema, ilionekana, maneno yalikuwa yamejipanga. Akaisikia sauti ya dada yake ikitoka jikoni, imechakaa, na sufuria nyuma yake, inagombeza. Akasimama pale pale.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa," alisema baadaye. "Mimi pia akinigombeza hivyo hivyo."

"Ndiye."

"Katika ule wa Qais hakukohoa."

"Hakukohoa."

Mwanakheir akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mkono shavuni. Akaomba asikie tena tangu mwanzo. Muhiddin akairudisha, polepole, kwa kuihurumia. Wakaisikiliza wote wawili wakiutazama ule ukuta. Ulikuwa bado unalia. Miaka sita alikuwa nyumbani na hakuugusa, kwa sababu aliyeuomba hayupo kuuona.

Jumamosi alinunua chokaa, akailoweka uani. Chokaa haitaki haraka. Inataka siku nyingi ipoe ndani ya maji ndipo ishike. Kila asubuhi aliikoroga kwa fimbo, akaifunika. Ilipokuwa tayari aliubandua ukuta mpaka mawe yakaonekana, akaanza chini, upande wa jiko, pale alipokuwa akikaa Kazija.