Kifo cha Tomati

Nikifungua kopo la tomati, harufu yake chachu hunirudisha Goma, kwenye ua wetu wa mawe meusi ya volkano. Tulikuwa tumetoka kwenye kibanda cha video, kutazama filamu ya muuaji wa barakoa, na sasa tunabishana nani alikufa vizuri.

“Ile ya musichana ni mubaya kabisa,” alisema kaka yangu mkubwa. “Anakimbia kwenye majani laini, anaanguka! Siye tunakimbiaka kwenye mawe kila siku, nani anaangukaka?”

Mimi nilimpenda mpishi, aliyekufa polepole, damu tele. Kaka akanicheka. Kwa hasira nilichukua kopo la tomati la mama jikoni, nikajipaka kifua kizima, nikajilaza taratibu, maana mawe yale yanakata, nikakodoa macho.

“Umekufa mubaya,” kaka akasema. “Ni kama uko kwenye kitanda.”

Ndipo mama akatokea, anarudi sokoni. Beseni la sambaza lilimponyoka, samaki wale wadogo wakatawanyika, naye akaja mbio akiita jina langu. Akaanguka. Akainuka, akaanguka tena.

Alinishika kifua, akatazama vidole vyake, akavilamba. Hakunipiga. Alikaa palepale, magoti yanamtoka damu, akihema.

“Na sambaza,” akasema mwishowe, “tutazipika na nini?”

Kaka alikuwa ameinama, anaziokota moja moja kati ya mawe. Yule msichana wa filamu, kaka hakumsema tena.